Pacha wa Muthoki

Muthoki aliposhuka Kalamba Jumamosi ile, alikuta amekwisha kupendwa na wakwe zake watarajiwa, na yeye mwenyewe hakuwapo. Mama yake, Ndinda, alimpokea mkoba langoni huku uso umemchanua. Hilo peke yake lilitosha kumtia mtu wasiwasi, kwa sababu Ndinda hakuwa mwanamke wa kuchekacheka tangu alipofiwa na mumewe.

"Walikuja," alisema. "Mama yake Mwangangi na dada yake. Walikuja juzi bila kutuma neno. Wamekupenda, Muthoki. Wamekupenda sana."

"Wamenipenda wapi, mwaitu? Juzi mimi nilikuwa kazini Nairobi."

Ndinda akainama, akajifanya anahangaika na zipu ya mkoba. Zipu haikuwa na shida yoyote.

Akina mama wa upande wa kijana walikuwa na tabia hiyo ya kutokea ghafla kabla ya mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga uchumba kimila, kuletwa. Walitaka kumwona msichana akiwa kwao: anavyotembea, anavyompokea mgeni asiyetarajiwa, na kama ua umefagiliwa. Kasyoka, mama yake Mwangangi, alikuwa ametoka mbali, Mtito Andei, ambako yeye na shemeji yake, mzee Musyoka, walikuwa na mkahawa na vyumba vya kulala madereva wa malori. Muthoki alikuwa amemwona kwenye picha tu, naye Kasyoka vivyo hivyo. Basi alipoingia uani akamkuta msichana mwenye uso ule wa pichani ameketi kwenye kigoda akisuka kiondo, alimwita Muthoki, akamkumbatia, na mambo yakaishia hapo.

"Na wewe ukasema nini?" Muthoki aliuliza.

"Mimi nilikuwa shamba. Kurudi, nakuta wanakunywa chai, wanacheka. Ningesema nini? Nimwaibishe mtoto mbele ya wageni?"

"Mtoto yupi, mwaitu?"

Ndinda aliubeba mkoba, akatangulia ndani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akawa anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini.

Syokau alikuwa nyuma ya jiko, kanga imekunjwa juu ya goti, anasokota nyuzi za mkonge kwenye paja. Mgeni angeweza kudhani Muthoki amekutana na kioo. Paji lilikuwa moja, pengo la meno ya mbele lilikuwa moja, hata kovu la tetekuwanga lilikuwa karibu na jicho lile lile. Ila mikono ya Syokau ilitetemeka kidogo kwa ajili ya sindano aliyodungwa kila mwezi, na ilitulia tu ikishika uzi.

"Umekasirika," Syokau alisema bila kuinua macho.

"Sijakasirika. Nataka tu kujua kwa nini hukuwaambia wewe si mimi."

"Waliniita kwa jina lako. Walikuwa wanaongea vizuri." Akasokota, akasokota tena. "Yule mama alinishika mkono, akaniuliza kama nimechoka. Kwa hii boma hakuna mtu hunikujia mimi, Muthoki. Nilitaka tu wamalize chai."

Muthoki akakaa chini kando yake. Alikuwa amekuja na hasira yake yote kutoka langoni, sasa hakujua pa kuiweka.

"Nilimwambia hiki kiondo nitampatia kikiisha," Syokau aliongeza. "Nilikosea?"

"Hapana. Hukukosea."

Pale kijijini walisema Muthoki anasomea damu, naye alikuwa amechoka kuwasahihisha. Alichosomea Uskoti, na alichokuwa akikifanyia kazi katika maabara Nairobi mwaka ule uliofuata mvua za El Nino, kilikuwa kitu kidogo kuliko damu. Ndani ya kila chembe ya mwili mna uzi wa urithi, mrefu ajabu kwa mahali ulipowekwa, nao umezungushwa kwenye vijidonge vya protini viitwavyo histoni. Vijidonge hivyo hubandikwa alama za kemikali. Alama nyingine hulegeza uzi, maagizo yaliyoandikwa pale yakasomeka na mwili ukayatii. Nyingine huukaza, na maagizo yakabaki kimya, pengine maisha yote. Muthoki alikuwa ameitafuta siri hiyo katika hamira, ile ile ya kuumua mkate, kwa sababu hamira haina mama wala harusi na hukubali kuulizwa chochote.

Yeye na Syokau walitoka katika yai moja. Uzi wao ulikuwa mmoja, herufi kwa herufi. Walipokuwa kidato cha tatu, Syokau alianza kusikia watu wakimsema nyuma ya ukuta wa bweni, na Muthoki, kitanda cha pili, akisikia popo tu. Huenda kuna mahali uzi wa Syokau ulilegea na wa Muthoki ukabaki umekazwa. Huenda si hivyo. Hakuna aliyekuwa na uhakika, hata maprofesa wake. Lakini kulikuwa na utafiti mmoja aliousoma Uskoti, jioni moja maktaba ikiwa tupu, kuhusu mapacha kama wao ambao mmoja anaugua na mwingine hana neno. Walifuatwa watoto wao. Watoto wa yule mzima walionekana kuwa katika hatari sawa na watoto wa yule mgonjwa.

Aliurudisha utafiti ule kwenye rafu, akavaa koti, akatembea peke yake mpaka chumbani kwake. Hakumwambia mtu. Kule ugenini hakukuwa na mtu wa kuambiwa, na aliporudi kwao akakuta ni vile vile.

Mwangangi alikutana naye kwa chakula cha mchana siku ya Jumatatu, katika hoteli ndogo karibu na ofisi ambako alikuwa mhasibu. Alikuwa mtu mpole, mwenye kucheka na macho, na Muthoki alimpenda kwa namna iliyomshangaza yeye mwenyewe. Habari za Syokau alikuwa amemweleza mapema, ugonjwa na jina lake. Mwangangi hakukimbia. Alisema tu kila nyumba ina lake.

"Mama hajawahi kusifu mtu hivyo," alisema sasa. "Ijumaa amenipigia simu kazini, ati huyo msichana ametulia, ana mikono ya kazi. Nilijua ni Syokau, nilitaka kucheka na nikaogopa."

"Tumwambie ukweli."

"Tutamwambia. Lakini ngoja kwanza ntheo ipite. Unajua vile mzee Musyoka alivyo na maneno ya ukoo. Mbuzi ikishaliwa, umekuwa wetu, hakuna mtu atakurudisha. Baada ya hapo hata nitamwambia mimi mwenyewe." Akaushika mkono wake juu ya meza. "Ni kunyamaza tu, Muthoki. Hakuna mtu anakuambia udanganye."

Nyumbani nako mambo yalikuwa yameshapangwa. Syokau angepelekwa Nuu kwa shangazi yao mpaka wageni waje na kuondoka. Baba mdogo Muthama, aliyesimama mahali pa marehemu, aliona ni busara. Nyuso mbili kama zile katika boma moja zingeleta maswali, na maswali yangeleta majibu.

"Na sindano yake?" Muthoki aliuliza.

"Nuu si ni Kenya?" Ndinda alijibu. "Kuna zahanati huko. Wewe kila kitu unaona shida."

Muthoki hakusema ndiyo. Hakusema la pia. Syokau aliondoka asubuhi na nguo zake ndani ya mfuko wa plastiki, akiwa ameambiwa shangazi anaumwa mgongo na anahitaji wa kumsaidia. Aliaga kila mtu kwa mkono, hata majirani. Kiondo chake kilibaki kikining'inia ukutani, ukingo haujafungwa, nyuzi zikichomoza juu.

Siku ya ntheo jua lilikuwa kali na boma lilijaa. Wanawake wa kanisa walikuwa wamekesha wakipika. Mbuzi watatu kutoka Mtito Andei walifungwa kwenye uzio, mmoja dume mkubwa ambaye angechinjwa pale pale, na vijana wa pande zote mbili wakabishana kwa furaha juu ya nani ana kisu kikali. Damu yake ikishamwagika na nyama kugawanywa kama ilivyotakiwa, Muthoki angekuwa mke wa mtu, na lolote la kusemwa lingekuwa limechelewa.

Kasyoka alimkumbatia, kisha akamshika mabega na kumtazama.

"Umekonda. Ni hiyo Nairobi?"

"Ni kazi, mama."

"Na siku ile ulikuwa umetulia hivi. Leo uko mbio mbio." Alisema kwa upendo, lakini alisema. Alipoletewa chai aliyoipika Muthoki, akanywa funda moja, akaweka kikombe chini. "Hii si kama ile ya siku ile."

Wanawake wakacheka. Muthoki akacheka nao, na moyoni akaona aibu ya ajabu. Katika maisha yake yote watu walikuwa wamempima Syokau kwa kipimo cha Muthoki. Sasa alikuwa akipimwa yeye, na alikuwa akipungua.

Kasyoka akakiona kiondo ukutani. "Aiya! Na kile changu bado? Lete hapa, mwanangu. Mimi huu ukingo wa siku hizi umenishinda. Nionyeshe vile ulikuwa unapindua uzi, niende nikiwaringia wenzangu."

Kiondo kikaletwa, kikawekwa magotini pa Muthoki. Wanawake wakasogeza viti. Binti wa Kikamba asiyejua kufunga ukingo wa kiondo ni kitu cha kuchekesha tu; angeweza kusema amesahau, na shule ingebeba lawama. Ndinda, kutoka mlangoni, alimtazama kwa macho ya kumsihi. Muthoki akashika uzi mmoja. Ulikuwa umesokotwa vizuri, mwembamba, bila fundo hata moja. Alijaribu kuupitisha chini, ukachomoka.

"Si mimi," alisema.

"Si wewe nini?"

"Aliyekupikia chai siku ile si mimi, mama. Ni dada yangu, Syokau. Sisi ni mapacha."

Kasyoka akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka pamoja naye. "Sasa ako wapi? Mbona hatujaonyeshwa yeye?"

Muthoki akasema kila kitu. Alipomaliza, mwanamke mmoja wa kanisa alikuwa amejifunika mdomo kwa leso, na ujumbe ulikuwa umeshafika chini ya turubai la wanaume. Mzee Musyoka, shemeji wa Kasyoka na mzee wa kanisa lao, akawaambia vijana waweke visu chini kidogo. Akaomba Muthoki aletwe.

Hakuwa mkali. Muthoki angependa awe mkali.

"Huyo dada yako aliugua lini?"

"Tukiwa kidato cha tatu, mzee. Husikia sauti. Akipata dawa yake anatulia kabisa."

"Na wewe?"

"Mimi bado." Neno lilimtoka lenyewe, na kila mtu alilisikia. "Yaani, mimi sijaugua."

"Mwangangi ametuambia wewe umesoma haya mambo mpaka ng'ambo. Basi sahau kidogo wewe ni bibi harusi. Niambie kama mtu amesoma. Hii kitu iko kwa damu?"

Muthoki bado alikuwa na kiondo mkononi. Akachukua donge la uzi wa mkonge lililokuwa ndani yake. "Mzee, mimi na Syokau tulipewa uzi mmoja. Ni kama huu. Uzi wote uko hapa, lakini uliofungwa ndani huwezi kuuona, ni ule umelegea peke yake mwili unasoma na kuufanyia kazi. Kuna vitu vidogo sana vinalegeza hapa, vinakaza pale. Inaweza kuwa kwa Syokau kuna mahali palilegea, na kwangu pakabaki pamekazwa."

"Nani alikaza?"

"Hatujui vizuri. Njaa inaweza kufanya hivyo. Hofu, ugonjwa. Saa zingine ni bahati tu. Hata sisi wa hiyo kazi tunatafuta."

Mzee alifikiri. "Na kilichokazwa kinaweza kulegea?"

"Kinaweza."

"Na mtoto wako atapewa uzi upi?"

Hapo Baba mdogo Muthama akasimama. "Jamani, huyu msichana amesoma mpaka masomo imemzidi! Maneno ya uzi inatuhusu nini? Yeye si mzima? Si mnamwona?"

"Mwache amalize," alisema Musyoka.

Muthoki akamtafuta Mwangangi kwa macho. Alikuwa ameketi kati ya wajomba zake, ametazama viatu vyake. "Atapewa huu huu," alisema. "Mtoto wangu na mtoto wa Syokau, hatari yao ni sawa. Si kubwa, mzee, wengi hawaugui kamwe. Lakini ni sawa."

Mwangangi akainua kichwa. Hilo hakuwa amelijua.

"Unaweza kuapa haitatoka kwa watoto wetu?"

"Siwezi."

"Asante," mzee alisema. "Umetuheshimu." Alisema kwa dhati, na ndiyo maana iliuma. Akazungumza na wenzake kidogo, kwa sauti ya chini, kisha vijana wakaenda kuwafungua mbuzi.

Wimbo uliokuwa ukiimbwa jikoni ulikatika katikati ya ubeti. Mtu akasikika akiuliza kama mchele uendelee kuiva. Mbuzi dume hakutaka kutoka, alikuwa amezoea kivuli, ikabidi asukumwe kutoka nyuma mbele ya kijiji kizima, na watoto wakacheka kwa kuwa hawakujua ni nini kinachotoka na mbuzi yule. Kasyoka ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alikiweka kiondo juu ya kiti taratibu.

"Huyo msichana mmemficha wapi?"

"Nuu," alijibu Muthoki.

"Kwa sababu yetu?"

Kasyoka akajifuta macho kwa ncha ya leso yake, akaenda kwenye gari.

Mwangangi alimngoja kando ya uzio, mikono mifukoni.

"Hiyo ya watoto hukuniambia."

"Sikukuambia."

"Ungeniambia mimi kwanza. Mimi, Muthoki. Si mzee mbele ya watu wote."

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

Alifikiri kwa uaminifu, kwa maana alikuwa mtu mwaminifu. "Sijui," alisema. Honi ikapigwa. Alimtazama usoni kwa muda mrefu, na Muthoki akafahamu kwamba alikuwa akitafuta kitu mle, dalili, na kwamba angekuwa akikitafuta kila asubuhi ya ndoa yao. Akamwambia aende, asiwacheleweshe watu wa safari ndefu. Gari lilipoondoka alilia pale pale kwenye uzio, waziwazi, kama mtu aliyefiwa. Waliopita walimpa pole bila kusimama.

Ndinda hakumsemesha jioni ile. Chakula kiligawiwa majirani, nao walikipokea na kukisifu, wakaenda kukila makwao.

Kesho yake Muthoki alisafiri kwenda Nuu. Hakuna aliyemtuma. Shangazi alimlaki njiani, kabla hata hajalifikia boma, amefunga kitambaa kiunoni na macho yamemwingia ndani.

"Zahanati haina hiyo sindano," alisema. "Walisema Mwingi. Mwingi wakasema wiki ijayo. Niliwatumia ujumbe na mtu wa soko, haukufika? Halali, Muthoki. Anafagia. Usiku anafagia, mchana anafagia. Anasema kuna wageni."

Ua ulikuwa umefagiliwa mpaka mchanga mwekundu umetokeza. Syokau alikuwa amesimama katikati yake, amejipaka mafuta usoni na miguuni, amevaa gauni lake la kanisani. Mikono haikutetemeka tena. Alimwona Muthoki akaja mbio, kisha akapunguza mwendo, akatembea kwa adabu, macho chini, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Karibu, mgeni. Umetoka mbali?"

"Nimetoka Kalamba. Syokau, ni mimi."

Syokau akatikisa kichwa kwa upole, kana kwamba mgeni amekosea jambo dogo na si vizuri kumwaibisha. "Syokau ni yule mgonjwa. Walimficha ili wageni wasimwone. Mimi ni Muthoki." Akatabasamu, pengo la meno likaonekana. "Yule mama alinipenda. Alisema watakuja na mbuzi. Nimengoja sana, nilianza kufikiri hawatakuja."

Shangazi akageuka upande, akaweka mkono mdomoni. Muthoki alifungua kinywa. Alikuwa ametoka kuwaambia ukweli watu wa nyumba nzima, mpaka ukawatoa pale na mbuzi wao, na sasa ukweli ule ule ulikuwa ulimini, na hakuweza kuusogeza.

"Ni wewe umetumwa kunichukua?" Syokau aliuliza.

"Ndiyo," alisema Muthoki. "Ni mimi. Nimekuja kukuchukua."

"Basi ngoja nioshe miguu," Syokau alisema, na akakimbilia ndani akiita apewe maji.